Dole la Nani Kwenye Karatasi Hii?

Karatasi yenyewe imechanwa kwenye daftari la shule. Juu imeandikwa "Muhtasari wa Kikao cha Ukoo", chini yapo majina kumi na moja, mengine yana sahihi, mengine yana dole gumba la wino wa zambarau. Katikati ipo sentensi iliyotukutanisha: ukoo umemteua baba mdogo "kuwa msimamizi wa kijana huyu pamoja na mali zake zote". Pengo moja limebaki wazi. Ni la mama mzazi, naye amekataa kusaini.

Kikao hiki nimekitunga, na watu wake nimewatunga, kwa kuwa wenye shauri la namna hii wana haki ya kusitiriwa majina. Sheria, kesi na miaka itakayotajwa ni ya kweli. Nimewaketisha Ijumbi, wilayani Muleba, mkoani Kagera, kwa sababu kwa Wahaya kibanja hakipimwi kwa ekari peke yake. Migomba imeizunguka nyumba, kahawa imesimama katikati ya migomba, na makaburi ya wazee yako humo humo. Anayeamua juu ya kibanja anaamua pia nani atazikwa wapi.

Kijana ana miaka 23. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Baba yake amefariki, na kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, kwa mila ndiye omusika, mrithi mkuu. Tumtazame kwa karibu kidogo, maana kwenye vikao vya namna hii yeye ndiye husahauliwa kwanza. Akichuma kahawa hachanganyi nyekundu na mbichi, na akimkuta mwenzake anachanganya anakasirika. Hasomi. Fedha anazijua kwa wanyama walio kwenye noti: elfu mbili ni simba, elfu tano ni kifaru, elfu kumi ni tembo. Mtume dukani na simba mmoja akanunue chumvi na kiberiti, atarudi na vitu na chenji yako. Mwambie kahawa yake ya msimu huu imetoa tembo mia na ishirini, atacheka na kukuuliza wote hao watalala wapi.

BABA MDOGO: Sikuitisha kikao ili nimnyang'anye mtoto wa kaka yangu. Nasema hivyo mbele ya makaburi. Msimu uliopita alikuja mtu hapa, akampa kijana simu ya tochi, akamfanya atie dole kwenye karatasi kwamba amemuuzia butura miti thelathini ya kahawa. Maua ndiyo kwanza yanaanguka! Nani aliyemfuata yule mtu mpaka kwake, akamrudishia simu yake na kuichana karatasi? Ni mimi. Mahakama ilikuwa wapi? Serikali ilikuwa wapi? Ukoo ndio uliokuwa karibu. Sasa naomba karatasi moja tu, ili siku nyingine yule mtu akija nimwonyeshe kwamba dole la kijana peke yake halitoshi.

(Kwa msomaji asiye wa Kagera: butura ni kuuza mazao yangali shambani, hata yakiwa ua, kwa bei ya mwenye shida.)

MAMA: Shemeji, simu ile nilikushukuru na leo nakushukuru tena. Lakini mwaka huo huo chama cha msingi kililipa fedha za kahawa kwa simu. Laini imesajiliwa kwa dole la mwanangu na kitambulisho chake. Namba ya siri anayo nani? Unayo wewe. Nilikuuliza zimeingia ngapi, ukaniambia zimeingia za kutosha. Mimi sikusema umekula. Nasema sijaona hesabu.

BABA MDOGO: Za bati zilitoka wapi, shemeji?

MAMA: Bati nimeziona. Hesabu sijaiona.

Naomba niwakatize hapa, kwa sababu neno la mama limegusa kiini cha jambo. Tunapojadili nani apewe mamlaka juu ya kijana, tunazungumza kana kwamba hayupo mwenye nayo sasa. Yupo. Anayeshika simu ndiye anayeamua. Mamlaka hayo yapo katika nyumba nyingi za nchi hii, hayana karatasi, hayana mipaka, na hakuna anayeyadai hesabu. Swali la Ijumbi ni kama yatabaki gizani au yataletwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyatazama.

MSAIDIZI WA KISHERIA: Mzee, mama, naomba niseme nilivyofundishwa, na panapohitaji wakili nitasema hivyo, kwa sababu mimi sheria hainiruhusu kusimama mahakamani kwa niaba yenu. Kwanza, kijana alipotimiza miaka 18 alikuwa mtu mzima kisheria. Hata wewe mama, tangu siku ile huwezi kusaini mkataba wake kwa sababu tu umemzaa. Pili, karatasi hii ya ukoo. Inafanana sana na ile mnayopeleka Mahakama ya Mwanzo mtu akifariki, ukoo ukapendekeza msimamizi wa mirathi. Lakini mirathi ni ya marehemu. Huyu yu hai, amekaa pale mlangoni anamenya ndizi.

BABA MDOGO: Basi atie dole kwenye hati ya uwakilishi. Nimeambiwa wakili mjini Bukoba anaiandika kwa saa moja.

MSAIDIZI: Hati ya uwakilishi inataka anayeitoa aelewe anachotoa. Kama kijana hawezi kuelewa hesabu ya kahawa na thamani ya kibanja, hawezi kukupa mamlaka juu yake kwa dole. Na kama anaelewa, basi inakuwaje tena tuseme hawezi kuamua? Wazee wengi wanakwama hapo hapo: mzazi anaandika hati akiwa na akili zake, kisha kiharusi au usahaulifu vinamchukua, na hati inakufa siku ile ile inapohitajika, kwa sababu uwakala hukoma aliyeutoa akipoteza utimamu.

MAMA: Sasa njia ni ipi?

MSAIDIZI: Iliyopo ni Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ndugu anaweza kuomba mahakama iteue mtu wa kusimamia mali. Kunakuwa na maombi, hati ya kiapo na taarifa ya daktari. Na kama kuna kesi inayomhusu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu afungue shauri kupitia mtu anayeitwa rafiki wa karibu.

MAMA: Afya ya akili? Mwanangu haumwi. Hajawahi kuwa mgonjwa wa akili siku hata moja. Amezaliwa hivi. Mnataka nimpeleke kwa daktari aandikwe kichaa ili fedha za kahawa yake ziingie benki?

Hapa msaidizi alinyamaza, na mimi ningenyamaza. Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni mambo mawili, na kila mzazi anayelea mtoto wa namna hii anajua tofauti hiyo vizuri kuliko waandishi wa sheria. Na neno likishaandikwa halibaki pale ulipoliweka. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia kupiga kura mtu mwenye ugonjwa wa akili. Kwa hiyo mama aliyekwenda mahakamani kwa ajili ya magunia ya kahawa ana haki ya kuogopa kwamba atarudi nyumbani mwanawe amepungukiwa na kitu ambacho hakukiomba kiguswe.

Kulikuwa na mama mwingine mkekani, amelaza magongo yake kando. Ni mwanachama wa chama cha watu wenye ulemavu.

MWANACHAMA: Waitu, mimi akili yangu hakuna anayeitilia shaka, miguu ndiyo haifanyi kazi. Hata hivyo nikienda hospitali daktari humuuliza kaka yangu ninaumwa wapi. Sasa fikirini huyu kijana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 12 inasema sisi ni watu mbele ya sheria sawa na wengine, na anayehitaji msaada wa kuamua apewe msaada. Asinyang'anywe uamuzi wenyewe. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataja mwanzoni kabisa heshima ya utu na uhuru wa mtu kujichagulia. Kule Peru, mwaka 2018, walifuta utaratibu wa kuwaweka watu wazima wenye ulemavu chini ya mlezi na wakaweka wasaidizi wa maamuzi. Mtu anamchagua msaidizi wake, msaidizi anamweleza, anamtafsiria, anasikiliza anachotaka. Haamui badala yake.

BABA MDOGO: Mama, unazungumza vizuri. Lakini yule mtu wa butura alipokuja, kijana alitaka simu. Alisema mwenyewe kwamba anaitaka. Ningemsaidia kutimiza alichotaka?

Swali hili lisipitwe haraka, kwa sababu ni zito na limeulizwa na mtu aliyekuwepo. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 2014 kwamba pale ambapo haiwezekani kujua matakwa ya mtu hata baada ya juhudi za kweli, ifuatwe tafsiri iliyo bora ya anachopenda na anachokitaka. Kwa kijana wetu tafsiri hiyo si ngumu. Anapenda kahawa yake iive. Anakasirika ikichumwa mbichi. Mtu anayemjua angemwambia: ukichukua simu hii, yule bwana atakuja kuchuma miti yako, hutaichuma wewe. Kwa lugha hiyo angeelewa, na naamini simu ingerudi bila kuchana karatasi ya mtu. Hakuelezwa. Alioneshwa tochi inayowaka.

Lakini kipo ambacho hawezi kukielewa hata kwa lugha hiyo, na tusimdanganye mama. Akaunti ya benki, mkopo wa pembejeo, mpaka wa kibanja unaobishaniwa mbele ya baraza, haya yanamzidi. Hapo msaada peke yake unakuwa jina tu, na kazi anaifanya yule yule anayeshika kalamu.

MSAIDIZI: Na sheria yenyewe haimwoni mtu kama kipande kimoja. Sheria ya Mikataba, sura ya 345, inauliza kama wakati wa kufunga mkataba mtu alielewa jambo lile na kupima faida na hasara yake. Jambo lile, wakati ule. Anayeweza kununua chumvi leo anaweza kununua chumvi, hata kama hawezi kuuza ardhi.

BABA MDOGO: Ardhi ndiyo inayoniumiza mimi. Ya ukoo ile. Leo mahakama impe mama mamlaka, kesho mama aolewe kwingine, au awape ndugu zake. Samahani shemeji, nasema linalosemwa vichochoroni.

MAMA: Liseme tu. Nimelisikia tangu matanga.

Ninapolisikia neno hilo nakumbuka kesi iliyoanzia wilaya hii hii. Mwaka 1988 Holaria Pastory aliuza ardhi aliyorithi kwa baba yake. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha, hapa Muleba, akasema mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Shauri likapanda, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Kesi hiyo sasa inasomwa na wanafunzi wa sheria mbali na hapa. Miaka 9 baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaandika wazi kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Wametajwa kwa pamoja, katika kifungu kimoja. Sababu wanayopewa watu wenye ulemavu leo, kwamba wakiachiwa wataiuza ardhi ya wazee, ndiyo waliyopewa dada na shangazi zetu.

BABA MDOGO: Nakubali kwa upande wa wanawake. Lakini usisahau ukoo ulifanya nini. UKIMWI ulipoonekana mkoa huu mwaka 1983, na miaka iliyofuata, tulizika mpaka tukachoka. Watoto walilelewa na nani? Hakuna mahakama iliyokuja kuwapikia.

MAMA: Waliwalea, ndiyo. Bibi zao waliwalea. Na wengine walipokua wakauliza kibanja cha baba kiko wapi, wakaambiwa kiliuzwa ili walelewe. Wewe unawajua, shemeji. Mmoja ulisoma naye.

Baba mdogo alitikisa kichwa, akaangalia chini. Wote wawili walisema kweli, na wote wawili walikuwa wakimkumbuka mtu yule yule.

MWANACHAMA: Nami nina neno kwa mama, ukiniwia radhi. Hata wewe usipewe vyote. Ninawajua mabinti wenye ulemavu wa akili waliochomwa sindano ya kuzuia uzazi bila kuelezwa ni ya nini, kwa sababu mama mtu alisaini. Alikuwa anampenda. Alikuwa anaogopa. Lakini mwili ule haukuwa wake. Karatasi ya kusimamia kahawa isije ikawa karatasi ya kuamua nani azae, nani aoe, nani alale wapi.

MAMA: Mimi sina haja ya kumtawala. Nina haja ya kufa. Nikifumba macho, nani atamwamsha? Ninyi nyote mnazungumza kana kwamba nitakuwepo.

Kwa muda hakuna aliyezungumza. Mlangoni kisu kilikuwa kinaendelea na ndizi. Ndipo msaidizi wa kisheria akafanya jambo ambalo tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amelifanya, nami pia sikuwa nimelifanya. Akamgeukia kijana.

MSAIDIZI: Kaka, fedha za kahawa unataka akushikie nani?

KIJANA: Mama.

MSAIDIZI: Na mama akisafiri?

KIJANA: (akafikiri sana) Dada. Baba mdogo anakasirika. Lakini miti ni yangu. Miti asishike mtu.

Dada yake ameolewa Kamachumu na hakuitwa kwenye kikao. Katika majina yale kumi na moja hayumo. Kijana alijibu kwa maneno yasiyofika ishirini, na ndani yake mlikuwa na msimamizi, mrithi wa msimamizi, sababu ya kumkataa mwingine, na mpaka wa madaraka. Mawakili huandika kurasa nne kusema hayo.

Sasa niseme langu. Naona mahakama iendewe, kwa sababu simu iliyo mkononi mwa mtu mmoja bila hesabu ni hatari kuliko hakimu. Lakini iombwe kitu kidogo. Iombwe kusimamia mapato ya kahawa na akaunti, basi. Mwili wake, ndoa yake, kura yake na mahali atakapoishi visiguswe kwenye maombi hata kwa neno moja. Kibanja kisiuzwe wala kuwekwa rehani bila kurudi mahakamani. Wenzetu wa Kenya waliliweka hilo katika Sheria yao ya Afya ya Akili ya 1989: msimamizi hakuweza kuuza ardhi bila ruhusa maalumu ya mahakama, na alitakiwa kuwasilisha orodha ya mali ndani ya miezi 6. Mama aombe masharti kama hayo dhidi yake mwenyewe. Mtu anayeomba afungwe mikono kwa hiari yake huaminika mbele ya hakimu, na huaminika pia na shemeji.

Hesabu isomwe kila mwisho wa msimu, mbele ya ukoo na mbele ya kamati ya watu wenye ulemavu ya kijiji, ambayo sheria ya 2010 inaitaka iwepo. Baba mdogo awe shahidi wa hesabu hiyo. Kazi hiyo anaiweza, na yule aliyemfuata mtu wa butura hadi kwake hastahili kuwekwa nje ya uzio. Namba ya siri ya simu ibadilishwe wiki hii, kabla ya shauri lolote. Na kibanja kikipimwa kwa ajili ya hati ya hakimiliki ya kimila, jina linaloandikwa liwe la kijana mwenyewe.

Kwa wabunge wetu nina ombi moja. Mtengenezeeni mama huyu mlango wake. Anayelea mtu mzima mwenye ulemavu wa akili asilazimike kupita kwenye sheria ya ugonjwa wa akili ili apate kibali cha kupokea fedha za kahawa. Mkataba tuliuridhia mwaka 2009, na mwaka 2010 tukaandika kwenye sheria kwamba mtu huyu ana uhuru wa kujichagulia. Utaratibu wa kumsaidia achague uandikwe nao, na uweze kumalizika wilayani, kwa sababu nauli za kwenda na kurudi Bukoba zinakula fedha za kahawa.

Na kwako mama. Karatasi ile usiisaini. Irudishe kwa upole, mwambie shemeji kwamba ukoo una kiti chake. Kampigie dada yake simu Kamachumu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na fedha za wakili, kwa hiyo uliza msaada huo Muleba kabla hujauza mbuzi. Siku ya kwenda mahakamani kijana asiachwe nyumbani na jirani. Avae shati lake la kanisani, akae benchi la mbele, na hakimu akimaliza kukuuliza wewe, mwombe amuulize na yeye.